Mabaki ya antibayotiki kwenye maji ya kisima: mkaa wa vifuu, mlonge au pumba za mpunga vinasaidia kweli?

#1 MfugajiChanika
Wakuu, habari za majukumu. Wajuzi wa kemia naomba msipite kimya.

Nina kuku wa mayai 420 huku Chanika. Kisima changu kimechimbwa kwa mkono, mita 11, mchanga mtupu mpaka unapoyakuta maji. Banda liko hatua kama 20 kutoka kisimani na lundo la mbolea liko hapo katikati (najua, najua, nilianza na kuku 50 tu). Wakikoroma mafua nawapa OTC (oksitetrasaikilini) kwenye maji, wakiharisha nawapa salfa, zote antibayotiki. Ndiyo maisha yetu wafugaji.

Wiki mbili zilizopita alikuja kijana wa chuo aliye kwenye mafunzo kwa vitendo. Akaliangalia lundo, akaangalia kisima, akaniuliza, "Baba, haya maji mnakunywa?" Nikamwambia tunakunywa, ila tunachemsha. Akasema sehemu kubwa ya dawa wanayopewa kuku inatoka kwenye kinyesi kama ilivyoingia, mvua inaishusha, na kuchemsha hakuiondoi yote. Akaongeza kwamba kuna watu wananasa mabaki ya antibayotiki majini kwa vitu vya mimea: makumbi ya nazi, pumba za mpunga, mlonge. Akapanda bodaboda akaenda zake, mimi sijalala vizuri tangu siku hiyo.

Ni kweli? Makumbi nitayapata bure, shemeji yangu anauza nazi Mbagala. Halafu jambo la pili: siku hizi OTC nawapa siku 5 na mafua yako pale pale. Inawezekana ni hayo maji?

#2 Mla Mihogo
Nimewahi siti ya mbele. Waje wenye kujua.

#3 Bi Mlonge
Mkuu usihangaike, jibu ni mlonge. Chukua mbegu zilizokauka, menya, twanga, koroga kwenye ndoo, acha saa moja au mbili. Sudan akina mama wamesafisha maji ya mto Nile hivyo tangu enzi za bibi zao. Maji ya tope yanakuwa kama ya chupa. Kama tope linakimbia, dawa itabaki kwa lipi?

#4 kemia_mtaani
Bi Mlonge, la Sudan ni kweli kabisa, ila umechanganya vitu viwili.

Mbegu ya mlonge ina protini yenye chaji chanya. Chembe za udongo majini zina chaji hasi, kwa hiyo zinavutwa, zinagandana, zinazama. Hiyo ni kazi ya kuondoa tope. Antibayotiki iliyoyeyuka si tope. Ni kama sukari kwenye chai: hata ukichuja mara ngapi majani yatabaki kwenye chujio na chai itabaki tamu. Kidogo ambacho dawa imejibandika kwenye tope kitazama nalo, iliyobaki utainywa. Na maji ya mlonge usiyalaze siku mbili, ile protini inayobaki inaoza.

Anachosema yule kijana ni kitu kingine, dawa kunata kwenye uso wa kitu kigumu. Si kufyonzwa kama sifongo inavyofyonza maji. Ni kunata juu, kama vumbi kwenye kioo. Sasa ili kinate kingi unahitaji uso mkubwa, na hapo ndipo mkaa unaposhinda. Kaboni amilifu nzuri ya vifuu, gramu moja tu, ukiitandaza kuta za vitundu vyake vyote unapata mita za mraba 1,000 hivi. Hiyo ni robo ekari, ndani ya punje zinazoingia kwenye kijiko.

#5 Mzenji wa Bububu
Kabla hamjaendelea. Makumbi si vifuu! Makumbi ni yale manyuzinyuzi ya nje tunayosokotea kamba. Kifuu ni lile gamba gumu, ndilo lenye mkaa wa maana. Ukienda kwa shemeji yako ukamwambia makumbi atakujazia gari na utajuta.

#6 MfugajiChanika
#5 hahaha, asante. Vifuu basi. Nilishampigia, ilibidi nipige tena.

#4 mkuu, huo mkaa "amilifu" ndio upi? Nikichoma vifuu kwenye pipa unakuwa amilifu au unakuwa mkaa tu?

#7 kemia_mtaani
Unakuwa mkaa tu. Pipani, hewa ikibanwa, unafika nyuzi 400 mpaka 600 hivi. Vitundu vipo ila vingi vimezibwa na lami ya moshi. Kuuamsha kunataka moto wa nyuzi 800 na kuendelea pamoja na mvuke, au ulowekwe kwenye kemikali kali kama asidi ya fosforasi kabla ya kuchomwa. Usijaribu hiyo ya kemikali nyumbani. Nakuona unavyofikiria.

#8 Mla Mihogo
"Kuuamsha mkaa." Kumbe miaka yote napikia mkaa uliolala.

#9 Nyanda za Juu
Nina hoja tofauti kidogo. Kabla ya mkaa, tazameni udongo wenyewe. OTC ni jamii ya tetrasaikilini, na tetrasaikilini inapenda mno kushikana na mfinyanzi na madini. Kwetu Mbozi, udongo mwekundu mzito, ningekwambia lala usingizi, dawa inaishia sentimita chache chini ya lundo. Salfa haina tabia hiyo, inatembea na maji. Kwa hiyo hata kama kuna dawa kisimani mwako, nahisi utakuwa unaisingizia OTC wakati mwenye kosa ni salfa.

Shida yako ni hiyo uliyoisema mwenyewe, mchanga mtupu. Mchanga haunasi kitu.

#10 dawa_baridi
Nyanda za Juu umenena. Na mimi niongeze la salfa, kwa sababu niko kaunta kila siku. Watu wanalaumu kuku tu. Septrini ni salfamethoksazoli (moja ya hizo salfa) na trimethoprimu, na watu wanaoishi na VVU wengi wamekuwa wakipewa kila siku kama kinga, kwa miongozo ya WHO ya tangu 2006. Ni dawa iliyookoa maisha, sitaki mtu anielewe vibaya. Ila inatoka kwenye mkojo. Watafiti waliopima maji ya Nairobi na Kisumu, ya mito na hata ya visima vifupi, walikuta salfamethoksazoli ikiwa pamoja na dawa za ARV kama nevirapini na lamivudini. Hizo hazikutoka kwa kuku.

Na kuhusu kuchemsha, kijana wako yuko sahihi nusu. Jamii ya penisilini huvunjika yenyewe majini polepole, moto unaongeza kasi. Tetrasaikilini hupungua ukichemsha. Siprofloksasini (antibayotiki nyingine) na salfa haziujali moto wa sufuria.

Swali langu: choo chako kiko wapi?

#11 MfugajiChanika
Hatua 35. Upande wa juu.

#12 dawa_baridi
Upande wa juu!

#13 Mla Mihogo
Mkuu wewe ulichimba kisima au ulichimba mtego?

#14 Jakisumu
Niko hapa Kisumu, na nimeona mji wangu umetajwa. Sisi magugu maji yametusumbua ziwani tangu mwisho wa miaka ya 80, na kuna watu wanayakausha wanayageuza mkaa wa kuchujia. Nilishaona ukifanywa chuoni, unga mweusi mwepesi sana, ukipuliza unapotea. Walikuwa wanajaribu na siprofloksasini na inashika vizuri. Wazo ni tamu, mnaondoa gugu na mnasafisha maji kwa wakati mmoja. Nauliza tu, mbona mnang'ang'ana na nazi?

#15 kemia_mtaani
Jakisumu karibu. Magugu yana majivu mengi na yamenyonya kila uchafu wa ziwani, metali nzito zikiwemo, kwa hiyo unga wake lazima uoshwe na kupimwa kabla hujamnywesha mtu.

Lakini nataka kusema jambo kuhusu hizi "inashika vizuri", maana ndilo linaloniudhi katika tafiti nyingi za fani yangu. Mtu anachukua maji safi ya maabara, anatia dawa miligramu 20 au 50 kwa lita, anatia mkaa, anatikisa, anaandika "asilimia 98 imeondoka". Mtoni dawa iko kwenye mikrogramu, na mara nyingi chini ya hapo. Mikrogramu moja ni sehemu moja tu ya elfu ya miligramu. Na maji ya mtoni hayana dawa peke yake, yana ile rangi ya chai, mabaki ya majani na kinyesi, kwa miligramu nzima nzima.

Fikiria harusi. Dawa ndiye mgeni mwenye kadi, ila yupo mmoja. Wazamiaji wako elfu, wamefika saa kumi, wamekaa viti vyote. Mwenye kadi akija saa mbili usiku anasimama nje. Mkaa kwenye maji ya kisima chenye uchafu unajaa hivyo hivyo.

#16 Pumba Ifakara
Sawa, lakini mnazungumza kana kwamba vitundu ndiyo kila kitu. Pumba za mpunga zikichomwa hazina vitundu vingi kama vifuu na bado zinanasa tetrasaikilini. Nilivyofundishwa mimi, tetrasaikilini ina vile vipete bapa vya kaboni, na mkaa nao ni tabaka bapa za kaboni, vinalaliana kama sahani kabatini. Vitundu ni nyumba tu, kinachoshika ni kule kulaliana.

#17 Nyanda za Juu
Na mimi ningesema ni majivu. Tetrasaikilini inashikana na kalsiamu, magnesi na chuma. Ndiyo maana mgonjwa anaambiwa asinywee na maziwa. Mkaa wa mimea una majivu, majivu yana kalsiamu. Ukiuosha kwa asidi ukatoa majivu, kwa baadhi ya mikaa kunasa kunashuka.

#18 kemia_mtaani
Na kwa mingine kunapanda, kwa sababu majivu yalikuwa yameziba vitundu. Nimeona yote mawili. Tusisahau chaji pia: kwenye maji ya kawaida, pH 7 hivi, salfamethoksazoli ina chaji hasi, na uso wa mikaa mingi nao una chaji hasi, vinasukumana. Siprofloksasini ina chanya na hasi kwa pamoja, inapata pa kushika. Ndiyo maana mkaa mmoja utakamata hii na kuiachia ile.

#19 Pumba Ifakara
Kwa hiyo hamna jibu.

#20 kemia_mtaani
Tuna majibu manne.

#21 Mama Vifaranga
Wanaume mmeshaingia kwenye vipete na sahani, mkulima wa watu kauliza pia kwa nini kuku hawaponi. Kaka, mafua yana sababu nyingi, mengine ni virusi na OTC haitayagusa. Lakini niulize: maji ya kisima chako yana chumvi? Sufuria ya kuchemshia inaweka utando mweupe?

#22 MfugajiChanika
Utando upo dada, mzito. Birika tunalikwangua kwa kisu.

#23 Mama Vifaranga
Basi ndiyo hayo ya #17, utando huo una kalsiamu. OTC inakutana na kalsiamu ya maji yako kabla hata haijafika kwa kuku, inashikana nayo, na ikishashikana haiingii vizuri kwenye damu. Mimi daktari alinishauri niweke asidi ya sitriki kidogo kwenye maji ya dawa, na wengine nawajua wanafanya hivyo. Muulize wako kipimo.

#24 Mzee wa Broila
Au vijidudu vimeshakuwa sugu. Miaka miwili ya OTC kila wakikoroma, ulitegemea nini? Ulaya walipiga marufuku kuwapa mifugo antibayotiki za kukuzia tangu Januari 2006, sisi huku tunawapa hata kifaranga aliyepiga chafya. Au dawa ni feki. Au unapima kwa kijiko cha chai cha shangazi.

Na swali langu la uchokozi: siku za dawa, mayai yenye mabaki yake ulikuwa unayapeleka wapi?

#25 MfugajiChanika
Wakuu kuna jambo sikulisema mwanzo, nikiwasoma limenijia. Mama watoto huwa anatumbukiza vipande vya mkaa kwenye vinyweo vya kuku. Alifundishwa na mama yake, eti maji hayanuki na matumbo yao yanatulia. Vipande vitatu vinne kila kinyweo, na siku za dawa haviondoi. Je, inawezekana mkaa umekuwa ukila dawa yangu muda wote huu?

#26 Mla Mihogo
UZI UMEFIKA PATAMU.

#27 dawa_baridi
Hahaha! Hospitali tunampa mtu aliyekunywa sumu unga wa mkaa ulioamshwa ili unase sumu tumboni. Na tunajua ukimpa pamoja na dawa nyingine, nayo inanaswa. Kwa hiyo kama kanuni, ndiyo, mkaa na dawa havikai chungu kimoja.

#28 kemia_mtaani
Kama kanuni ndiyo, kama kiasi hapana. Kipande cha mkaa wa jikoni kikubwa kama kidole gumba, uso wake wa ndani haufikiwi kirahisi. Dawa inachukua saa nyingi kupenya mpaka katikati. Vipande vinne kwenye lita 10 vitaiba kidogo tu. Mimi bado niko na Mama Vifaranga kwenye chumvi.

#29 Mzee wa Broila
Na mimi bado niko kwenye usugu. Na bado nangoja jibu la mayai.

#30 fundi_pampu
Wakuu nimesoma uzi wote jana usiku, leo nikaona tusibishane, tujaribu. Mimi si msomi, nasema nilichokiona.

Nimekata matako ya chupa mbili za maji za lita moja na nusu, nikazigeuza kichwa chini, mdomoni nikafunga kipande cha kanga. Moja nimejaza mkaa wa jikoni uliopondwa kama punje za mahindi. Nyingine mkaa wa vifuu, nimeutwanga kwenye kinu, nikauchekecha, nikauosha ndoo tatu mpaka maji yakaacha kuwa meusi. Kisha ndooni nikakoroga OTC ya asilimia 20, kijiko kimoja cha chai kwa kila lita moja ya maji. Rangi ya njano, kama mkojo wa asubuhi, mnisamehe.

Nikamimina glasi glasi. Chupa ya mkaa wa punje: glasi ya kwanza imetoka njano iliyofifia, ya tatu imetoka njano ile ile. Chupa ya vifuu: ya kwanza nyeupe, ya pili nyeupe, nikawaita watoto waje waone. Imeendelea hivyo mpaka ya sita. Ya saba ikaanza kupiga njano kwa mbali, ya tisa hakuna tofauti na ya ndoo. Ila ya vifuu inapita polepole mno, glasi moja nimesubiri karibu dakika 20.

#31 MfugajiChanika
Fundi Mungu akubariki. Kwa hiyo vifuu vinafanya kazi!

#32 Jakisumu
Kazi safi sana fundi.

#33 kemia_mtaani
Fundi, umefanya kitu ambacho wengi wanalipia ada kujifunza. Glasi ya saba ndiyo somo lenyewe: mkaa umeshiba.

Ila msikimbie na "nyeupe". Kijiko cha chai ni kama gramu 5, asilimia 20 ni gramu 1, kwa hiyo ulikuwa na miligramu 1,000 kwa lita. Jicho linaona njano kwa sababu dawa ni nyingi ajabu. Ikishuka mpaka miligramu moja huoni kitu, na miligramu moja kwa lita bado ni balaa. Kwa siprofloksasini kuna wanasayansi waliopendekeza isizidi mikrogramu 0.064 kwa lita, vinginevyo unaanza kuwapendelea bakteria sugu. Hakuna jicho la kuona hiyo. Hata ulimi hauioni, wala pua. Mkaa wako utashiba siku usiyoijua na maji yatatoka safi vile vile.

#34 fundi_pampu
Sawa mkuu. Lakini ungeona watoto walivyoshangaa.

#35 Nyanda za Juu
Na OTC inaharibiwa na mwanga, fundi. Ile ndoo iliachwa juani?

#36 fundi_pampu
Kivulini, chini ya mwembe. Ila ndoo haikubadilika rangi, nimeisema hapo juu.

#37 Mwana wa Meru
Huku Arusha tuna uzoefu na vichujio vya kunata kwa sababu ya floridi. Kituo cha Ngurdoto kimetumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kwa miaka mingi. Najua mfupa si mmea na floridi si antibayotiki, lakini tatizo lilikuwa hilo hilo la glasi ya saba. Nyumbani kwetu tulikuwa na ndoo yenye mkaa wa mifupa, mwaka wa kwanza kila mtu anaitunza, mwaka wa pili hakuna anayekumbuka lini ulibadilishwa. Ndoo ipo, bomba lipo, maji yanatoka, na meno ya wadogo zangu yakaendelea kuwa kahawia. Kuutengeneza mkaa si kazi kubwa. Kazi ni kukumbuka kuubadilisha.

#38 Mama Vifaranga
#37 umenigusa. Ni kweli kabisa.

#39 Shemeji Newala
Sisi huku tuna maganda ya korosho milima na milima. Yanafaa?

#40 kemia_mtaani
Yanafaa yakichomwa kitaalamu. Pipani nyumbani usithubutu, yale mafuta yake yanababua ngozi na moshi wake ni adui wa macho.

#41 Shemeji Newala
Umechelewa mkuu, kaka yangu alishajaribu mwaka jana. Alivimba uso siku nne.

#42 dawa_baridi
Turudi kwa mwenye uzi. Mimi naona mnampeleka mbali. Kisima kifupi, mchanga, mbolea hatua chache, choo upande wa juu. Antibayotiki itakuwa ya tatu kwenye foleni. Ya kwanza ni vimelea vya kinyesi, ya pili ni naitreti kutoka kwenye hiyo mbolea. WHO wanataka naitreti isizidi miligramu 50 kwa lita, na ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga. Kuchemsha hakuitoi, unaizidisha kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Na mkaa wa vifuu hauigusi. Kuna mtoto mchanga nyumbani?

#43 MfugajiChanika
Mjukuu, miezi minne. Ananyonya, ila mama yake akienda kazini wanamkorogea.

Asanteni. Kwa huyu nitaanza kununua maji ya dumu leo leo.

Lakini mkaa bado naupenda. Nimepanga hivi: maji ya kisima, natia WaterGuard (dawa ya klorini), nasubiri nusu saa, napitisha kwenye chujio la vifuu, tunakunywa. Sawa?

#44 fundi_pampu
Geuza mkuu. Mkaa unakula klorini. Ukianza na klorini ukamalizia na mkaa, yanatoka maji yasiyo na kinga, yakikaa kwenye ndoo yanachafuka. Halafu mkaa uliolowa siku tatu ni hosteli ya bakteria. Mkaa kwanza, klorini baadaye.

#45 Pumba Ifakara
Na mkaa ukishashiba unautupa wapi? Nauliza kwa sababu nimeona watu wanasema "mwaga shambani ni mbolea". Umehangaika kuitoa dawa kisimani, unairudisha mchichani.

#46 kemia_mtaani
Swali zuri na tafiti nyingi zinalikwepa. Nyumbani, njia ya kueleweka ni kuuanika na kuuchoma moto mkali. Viwandani wanaurudisha kwenye tanuru, unaamka tena.

Na tukitaja viwanda: mnajadili kisima kimoja, sawa, lakini huko Patancheru karibu na Hyderabad, India, mwaka 2007 walichapisha vipimo vya maji yaliyotoka kwenye mtambo wa kusafishia majitaka ya viwanda vya dawa. Siprofloksasini ilifika miligramu 31 kwa lita. Si mikrogramu. Hapo ndipo mkaa una kazi ya kueleweka, mwishoni mwa bomba, dawa nyingi na mtu analipwa kuubadilisha. WHO nao walitoa mwongozo wa majitaka ya viwanda vya antibayotiki Septemba 2024. Kisimani mwa mtu mmoja Chanika, mimi ningehamisha lundo kwanza.

#47 Bi Mlonge
Mimi nilisema mlonge mkanishambulia, kumbe mkaa wenyewe nao hauwezi salfa, hauwezi naitreti, unashiba bila kusema, na unageuka hosteli. Angalau mlonge unaliwa.

#48 kemia_mtaani
Hapo umenifunga goli. Ila hata maganda ya mlonge yakichomwa na kuamshwa yananasa dawa, kwa hiyo tugawane pointi.

#49 Mzenji wa Bububu
Vifuu siku hizi vinanunuliwa na watengeneza vifungo na mkaa wa shisha, usidhani shemeji atakupa bure milele.

#50 MfugajiChanika
Mrejesho wakuu. Lundo nimelihamisha jana na vijana wawili, liko upande wa chini, nimelifunika turubai. Choo siwezi kukihamisha kwa sasa, kisima kipya nakiwazia. Mkaa kwenye vinyweo tumeutoa, daktari wa mifugo anakuja Alhamisi kuangalia hayo mafua kabla sijanunua dawa nyingine. Asidi ya sitriki nitamuuliza.

Vifuu vilifika gunia mbili. Nimechoma pipani Jumapili, nimetwanga, nimeosha, nimeanika juu ya bati, kazi ya siku mbili. Leo narudi kutoka mjini nakuta bati tupu. Mama watoto amechomea samaki. Anasema hajawahi kuona mkaa unaowaka vizuri hivyo.

#51 Mla Mihogo
Samaki gani?

#52 MfugajiChanika
Vibua. Walikuwa watamu, sitadanganya.

#53 Pumba Ifakara
Si mlisema njia bora ni kuuchoma?

#54 Mzee wa Broila
Na mayai mkuu?